Mistari ya Biblia kuhusu kifo inapoonekana kugongana: namna ya kuisoma hatua kwa hatua

Usiku wa kuamkia mazishi ya bibi yangu mzaa baba tulikaa chini ya turubai, kijijini kwetu Upareni, chai ya tangawizi ikizunguka. Upareni ukoo mmoja unaweza kuwa na Walutheri na Wasabato wanaokula sahani moja, na wetu ndivyo ulivyo. Binti wa kaka yangu, wakati huo yuko kidato cha pili, akauliza: "Kwani bibi yuko wapi sasa hivi?"

Shangazi alijibu kabla hajaweka birika chini. "Yuko na Bwana, mwanangu." Mjomba, Msabato tangu utoto wake, akakohoa kidogo. "Shemeji, tumwambie mtoto Neno linavyosema. Bibi amelala. Mhubiri tisa, mstari wa tano: wafu hawajui neno lo lote." Shangazi akamtaja mwizi wa msalabani, aliyeahidiwa na Yesu kuwa naye peponi siku ile ile. Mjomba akamjibu kwa Yohana 20:17, kwamba siku ya tatu Yesu mwenyewe alikuwa hajapaa kwenda kwa Baba, basi huyo mwizi alikuwa naye wapi? Tochi za simu zikawaka, Biblia zikafunguliwa, sauti zikapanda. Mtoto aliyeuliza alikuwa ameinamia kikombe chake, na hakuna aliyemtazama.

Nilichukua karatasi ya ratiba ya mazishi, nikaigeuza, nikaandika mistari yote iliyotajwa usiku ule. Nimeifanyia kazi miaka mingi tangu hapo, na wanafunzi wa kipaimara, na majirani, na huyo huyo binti wa kaka. Mwongozo huu ni njia tuliyoipata. Hauahidi kwamba kila fundo litafunguka. Utakusaidia kujua fundo lipi ni la kweli na lipi limefungwa na usomaji wa haraka.

Ugomvi wenyewe si wa jana. Mwaka 1331 Papa Yohane wa 22 alianza kuhubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu. Kanisa likatikisika, naye akayafuta maneno yake kabla ya kufa mwaka 1334. Miaka miwili baadaye Benedikto wa 12, aliyemfuata, akatoa tamko lililofundisha kinyume chake. Martin Luther alisema mara nyingi kwamba kifo ni usingizi, na Jean Calvin akiwa kijana aliandika kitabu kizima kuwapinga waliofundisha kwamba roho hulala. Ukikwama kwenye mistari hii, usijione huna imani. Wamekwama humo watu waliosoma maisha yao yote.

Vitu vya kuandaa

Chukua Biblia mbili za tafsiri tofauti. Mimi hutumia Union Version ya 1952, ile ambayo wengi wetu tumekariri mistari yake, na kando yake Habari Njema. Chukua daftari na kalamu, na kama unaweza, itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha kila neno na mahali linapopatikana. Programu nyingi za Biblia za simu siku hizi hutafuta neno papo hapo, zinatosha. Tenga saa mbili. Na usianze kazi hii msibani.

Hatua ya kwanza: andika ugomvi wenyewe kwa sentensi moja

Usiandike "Biblia inajipinga kuhusu kifo." Hiyo ni hewa. Andika hivi: "Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lo lote, Luka 16:23 inamwonyesha tajiri aliyekufa akiona, akiumia na kuongea." Sasa una kitu cha kushika.

Kisha jiulize kila mstari unajibu swali gani. Watu wanapouliza "nini hutokea baada ya kufa" huwa wamechanganya maswali matatu: mtu yuko katika hali gani tangu anapokata roho mpaka kiyama, je, mwili utafufuliwa, na hukumu ya mwisho itakuwaje. Danieli 12:2, wale walalao mavumbini wataamka, unajibu la pili. Mathayo 25:46 unajibu la tatu. Wafilipi 1:23, Paulo anapotamani kwenda zake akae na Kristo, unagusa la kwanza. Ukipigia kila mstari alama ya swali lake, utaona mistari mingi uliyodhani inapigana haikuwa hata kwenye chumba kimoja.

Mfano ni Yohana 3:13, "wala hakuna mtu aliyepaa mbinguni," dhidi ya 2 Wafalme 2:11, Eliya anapopanda kwa upepo wa kisulisuli. Soma Yohana kuanzia mstari wa 11. Yesu anamweleza Nikodemo ni nani mwenye haki ya kusimulia mambo ya mbinguni kama shahidi. Ni swali la zamani, lipo katika Mithali 30:4: ni nani aliyepanda mbinguni na kushuka chini? Hakuna aliyekwenda kuchukua habari akarudi nazo, ila yeye aliyeshuka kutoka huko. Eliya alichukuliwa, hakurudi kusimulia. Hapo sioni fundo tena.

Hatua ya pili: mjue anayesema, na alisema akiwa wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu tumezoea kuchomoa mstari kama njiti kwenye kiberiti.

Chukua Ayubu. Ukisoma 7:9, ashukaye kuzimuni hatazuka tena. Ukisoma 14:13 na 14, mtu huyo huyo anamwomba Mungu amfiche kuzimuni mpaka ghadhabu ipite, halafu amkumbuke, na anauliza mtu akifa, je, atakuwa hai tena. Ukifika 19:25 na 26 anatangaza kwamba anajua mteteaji wake yu hai, naye atamwona Mungu. Ni mtu mmoja katika kitabu kimoja, na maneno yake yanaonekana kugongana. Lakini Ayubu amefiwa na watoto kumi, amekaa majivuni anajikuna kwa kigae. Aliyewahi kukaa na mfiwa usiku mzima anajua: saa nne mfiwa atakuambia yote yameisha, saa nane atauliza swali, alfajiri atasema neno la imani ambalo hujui amelitoa wapi. Biblia imetunza saa zote tatu. Tena katika 42:7 Mungu anasema marafiki wa Ayubu hawakunena yaliyo sawa, kwa hiyo kabla hujanukuu mstari wa kitabu hicho kama fundisho, tazama kwanza kama anayesema si Elifazi au Bildadi.

Sasa Mhubiri. Maneno "chini ya jua" yanarudi karibu mara 30 katika kitabu kifupi cha sura 12. Mwandishi anatazama maisha kutoka usawa huu, wa mtu anayelima, anayejenga, anayezikwa na kusahauliwa. Baada ya kusema wafu hawajui neno lo lote, mstari wa 6 unaongeza kwamba hawana sehemu tena milele katika jambo lo lote lililofanyika chini ya jua. Mjomba aliusoma mstari wa 5 akaishia hapo. Nilimwomba asome pia maneno "wala hawana ijara tena." Tukiyachukua bila mpaka wowote, basi hakuna thawabu, na kama hakuna thawabu hakuna ufufuo wa wenye haki. Msabato hakubali hilo, wala Mlutheri, wala Mkatoliki. Mhubiri mwenyewe anamaliza kitabu kwa kusema Mungu ataleta hukumuni kila kazi. Kwa hiyo kila anayeunukuu mstari ule, awe wa kanisa gani, anauwekea mpaka. Tunabishana mpaka uwekwe wapi.

Hapo inabidi niwe mkweli, maana nimewasikia wahubiri wa upande wangu wakishangilia mapema. Jibu la "chini ya jua" linaisaidia Mhubiri tu. Haligusi Zaburi 6:5, inayouliza katika kuzimu ni nani atakayemshukuru Mungu. Haligusi Zaburi 115:17, wala sala ya Hezekia katika Isaya 38:18. Hao walikuwa waumini wakiomba, na waliona kifo kama mahali pa kimya ambako sifa hukoma. Usiwalazimishe waseme kama Paulo. Zaburi 6 ni sala ya mgonjwa anayemsihi Mungu asimwache afe, na hoja yake ni kwamba akifa, Mungu atapoteza mwimbaji mmoja hekaluni. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu mwombaji hakuwa na ahadi mkononi tuliyonayo sisi.

Ndiyo maana tarehe zina uzito. Ahadi iliyo wazi kabisa ya ufufuo katika Agano la Kale ni Danieli 12:2, na Isaya 26:19 inaikaribia. Wakati wa Yesu Masadukayo bado walikataa kiyama, na walikuwa watu wa hekaluni. Yesu aliwajibu kwa Kutoka 3:6, "Mungu wa Ibrahimu," kutoka kitabu cha Musa ambacho wao wenyewe walikiheshimu. Paulo katika 2 Timotheo 1:10 anasema Kristo aliufunua uzima na kutokuharibika kwa ile Injili. Kama ulifunuliwa, basi kabla yake ulikuwa umefunikwa. Mtunga zaburi aliongea gizani kwa uaminifu, naye anastahili kusikilizwa hivyo.

Hatua ya tatu: lifukue neno

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mitego yake, na ana pia faida ambayo wengine hawana. Tuanze na *kuzimu*.

Kwa Kiebrania ni *Sheoli*, neno linalopatikana mara 65 katika Agano la Kale. Ni makao ya wafu wote, wema na wabaya. Katika Mwanzo 37:35 Yakobo, akidhani Yusufu ameliwa na mnyama, anasema atamshukia mwanawe hata kuzimu. Yakobo hakuwa anatarajia kwenda motoni, wala hakudhani Yusufu yuko huko. Waliotutafsiria walichagua neno la Kibantu kabisa, lenye shina moja na *mizimu*, mahali walipo waliotangulia. Walichagua vizuri sana. Shida ni kwamba miaka ya karibuni, katika mahubiri na shuhuda, "kuzimu" limekuwa makao makuu ya mashetani: nguvu za kuzimu, siri za kuzimu, maagano ya kuzimu. Ukiwa na picha hiyo kichwani ukasoma kwamba Yakobo anashukia kuzimu, lazima uone mgongano. Mgongano huo umeuleta wewe na masikio yako ya leo.

*Jehanum* ni neno jingine kabisa. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu, ambako watoto waliteketezwa kwa moto kwa miungu. Soma Yeremia 7:31. Agano Jipya la Kiyunani lina neno hilo mara 12, na karibu zote zinatoka kinywani mwa Yesu. Na kama bado unadhani kuzimu na jehanum ni kitu kimoja, soma Ufunuo 20:13 na 14: kuzimu inawatoa wafu waliomo, kisha kuzimu yenyewe inatupwa katika ziwa la moto. Chumba hakiwezi kutupwa ndani ya chumba hicho hicho. Andika ukurasani: kuzimu ni kabla ya kiyama, jehanum ni baada. Mistari kama kumi hivi itatulia papo hapo.

Sasa *roho*. Ezekieli 18:4 inasema roho itendayo dhambi itakufa. Mhubiri 12:7 inasema mavumbi hurudia nchi na roho humrudia Mungu aliyeitoa. Je, roho hufa au hurudi? Kijana mmoja aliniuliza hivyo baada ya ibada, akidhani amenibana. Katika Kiebrania hayo ni maneno mawili. Ezekieli ana *nefeshi*, Mhubiri ana *ruaki*. Union Version imeyavisha yote nguo moja, "roho." Tena *nefeshi* hilo hilo, katika Mwanzo 2:7, tafsiri hiyo hiyo imeliita "nafsi": mtu akawa nafsi hai.

Nefeshi maana yake hasa ni nini? Sikiliza Kiswahili chako. Tunasema "amemkaba roho," na hapo roho ni koo. Tunasema "ana roho huyo," na hapo ni ulafi. Tunasema "amekata roho," na hapo ni uhai. Wazee walisema "roho kumi zimepotea," na hapo ni watu. Nefeshi ina maana hizo zote nne: koo, tamaa, uhai, mtu mwenyewe. Isaya 5:14 inasema kuzimu kumeongeza tamaa yake, na katika Kiebrania ni nefeshi, koo la kuzimu lililofunguka kumeza. Sisi tunalielewa bila kuelezwa.

Rudi basi Ezekieli 18 ukiwa na hilo. Sura inaanza kwa methali ya Waisraeli: baba wamekula zabibu kali, meno ya watoto yakapata ganzi. Walikuwa uhamishoni wakilalamika kwamba wanalipa deni la baba zao. Mungu anajibu: mtu yule yule atendaye dhambi ndiye atakayekufa, si mwanawe. Ni neno la haki mahakamani. Halisemi roho imeumbwa kwa kitu gani wala kama inadumu. Mjomba alipoacha kuutumia mstari huo kama ushahidi wa usingizi wa wafu, nami niliacha kuutumia Mhubiri 12:7 kama ushahidi wa kinyume chake, maana *ruaki* ni pumzi pia, na Mhubiri 3:19 inasema wanadamu na wanyama wana pumzi moja. Tulipungukiwa mstari mmoja mmoja, na mazungumzo yakawa bora.

Hatua ya nne: tambua aina ya maandishi

Tajiri na Lazaro, Luka 16:19–31. Wengine husema ni tukio halisi kwa sababu maskini ametajwa jina, jambo lisilopatikana katika mfano mwingine wowote wa Yesu. Wengine husema ni mfano, kwa kuwa unaanza kama ule wa wakili dhalimu ulio mwanzoni mwa sura hiyo hiyo: palikuwa na mtu mmoja, tajiri. Mimi nausoma kama mfano. Ukiusoma kama ramani, itabidi ukubali kwamba waliookoka wanakaa kifuani mwa Ibrahimu kihalisi na wanasikia vilio vya ndugu zao ng'ambo ya shimo, na sijakutana na anayefundisha hivyo mpaka mwisho.

Tazama uzito wa habari uko wapi. Uko mlangoni, ambako maskini alilala na mbwa wakamlamba vidonda. Uko kwa ndugu watano walio bado nyumbani, ambao wana Musa na manabii na hawasikii. Ndugu watano hao ni mimi na wewe. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa ni mfano, hautuambii chochote. Yesu hutunga mifano yake kwa vitu vilivyopo: mpanzi, mwanamke na sarafu, baba na wana wawili. Angalau wasikilizaji wake hawakuona ajabu kusikia kwamba wafu wana hali fulani, na yeye hakuwasahihisha. Zaidi ya hapo siuongezei mstari huu mzigo.

Habari ya mwanamke mwenye pepo wa Endori, ambaye Sauli alimwomba amwitie marehemu Samweli, 1 Samweli 28, ni masimulizi. Msimulizi anaandika "Samweli akamwambia Sauli," na tangu karne za kwanza Wakristo wamegawanyika: Origen alisema ni Samweli kweli, Tertullian akasema ni udanganyifu wa pepo. Usipoteze saa yako yote hapo. Jambo ambalo Biblia haiachi shaka liko katika 1 Nyakati 10:13: Sauli alikufa kwa sababu ya kosa lake, pamoja na hilo la kumwendea mwenye pepo. Yeyote anayekuambia anaweza kukuunganisha na marehemu wako kwa malipo, akakutajia sura hii, mwonyeshe mstari huo.

Hatua ya tano: weka hoja za pande zote mbili mezani kabla hujachagua

Tufanye pamoja ule uliowasha moto msibani. Luka 23:43: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Nakala za kale za Kiyunani hazikuwa na alama za mkato. Wasabato wengi na Mashahidi wa Yehova huuweka mkato baada ya "leo": nakuambia leo, utakuwa nami. Hoja hii si ya kuchekwa. Kumbukumbu la Torati limejaa maneno kama "nikuamuruvyo leo." Lakini fungua Luka mwenyewe. Usemi "Amin, nakuambia" na "nawaambia" anao mara sita, na katika zile tano nyingine "leo" haimo. Mahali "leo" inapofuata usemi huo, Marko 14:30, ni kwa Petro, na "leo, usiku huu" inahusu kumkana, si kusema. Na Luka analipenda neno leo: leo amezaliwa Mwokozi, leo maandiko haya yametimia, leo wokovu umefika nyumbani humu. Mwizi aliomba akumbukwe siku ile, "utakapoingia katika ufalme wako." Yesu anamjibu kwa kitu kilicho karibu zaidi ya alichoomba. Kwa sababu hizo mimi nauacha mkato pale Union Version ilipouweka.

Na Yohana 20:17, je? "Sijapaa kwenda kwa Baba" inahusu kupaa kule kwa siku ya arobaini, kunakosimuliwa katika Matendo 1. Luka hasemi mwizi alipaa. Anasema peponi, neno ambalo kwa Kiyunani ni *paradeiso*, bustani. Petro katika Matendo 2:31 anasema roho ya Kristo haikuachwa kuzimu, na Imani ya Mitume inasema alishuka kuzimu. Ukishaondoa picha ya mashetani kwenye kuzimu, unaweza kuona kwamba kuwa pamoja na Yesu siku ile, popote alipokuwa miongoni mwa wafu, ndiyo ilikuwa bustani yenyewe.

Mjomba alikuwa na mstari mmoja ambao shangazi hakuujibu, na ni haki niutaje: Matendo 2:34, "Daudi hakupanda mbinguni." Petro anautumia kuonyesha kwamba Zaburi 110 haikumhusu Daudi, ambaye kaburi lake lilikuwa pale pale Yerusalemu. Ni hoja kuhusu kuketi mkono wa kuume, kweli. Lakini inampasa kila anayesema "marehemu sasa yuko mbinguni ametukuzwa" atulie kidogo. Hata Daudi anangoja.

Hatua ya sita: mlaze Paulo kando ya Paulo

Andika 1 Wathesalonike 4:13–18 upande wa kushoto wa daftari, Wafilipi 1:21–24 upande wa kulia. Wathesalonike ni kati ya barua zake za kwanza kabisa, karibu mwaka 50 au 51. Humo wafu ni "waliolala," na tumaini lote liko kwenye parapanda. Katika Wafilipi, akiwa kifungoni na kifo kikiwa karibu, anasema kufa ni faida, na kwenda kukaa na Kristo ni vizuri zaidi sana. Asubiri kidogo tu msomaji anayetaka kusema alibadilisha mawazo: katika Wafilipi hiyo hiyo, 3:20 na 21, bado anamngoja Mwokozi atoke mbinguni aubadili mwili wetu wa unyonge.

Paulo alishika yote mawili. Hakueleza yanaunganaje. Hatuambii mtu aliye na Kristo bila mwili anaonaje saa zikipita, wala usingizi anaouita usingizi una ndoto au hauna. Tunaposema msibani "amelala" na pumzi hiyo hiyo "Mungu amweke mahali pema peponi," tunafuata lugha ambayo Paulo naye aliitumia, na sioni sababu ya kumkosoa mfiwa anayesema hivyo.

Katika daftari lako, chora mstari chini ya mambo ambayo kurasa zote mbili zinakubaliana: Yesu alikufa akafufuka, wafu wake wako mikononi mwake, nao watafufuliwa. Mjomba na shangazi walitia sahihi hapo bila kubishana. Kuombea marehemu ni suala jingine, kwa kuwa ndugu Wakatoliki wanasoma pia 2 Makabayo 12, kitabu ambacho hakimo katika Biblia ya Union wengi wetu tuliyonayo. Hapo tofauti inaanzia kwenye orodha ya vitabu kabla ya mistari, na ukiijadili, anzia huko.

Hatua ya mwisho: panga utakachosoma, na lini

Kabla ya maiti kuzikwa, usifundishe. Akikuuliza mtoto, mjibu kwa sentensi moja ambayo hutaibadilisha wiki ijayo: "Bibi yuko mikononi mwa Yesu, na tutamwona tena." Msabato na Mlutheri wote wanaweza kuisema kwa moyo mweupe. Kaburini soma Yohana 11:25 au ile 1 Wathesalonike 4, nayo uisome mpaka mstari wa 18, unaosema tufarijiane kwa maneno hayo. Mara nyingi wasomaji huishia 17.

Baada ya matanga, wiki mbili au tatu, mkae na daftari. Huyo binti wa kaka alinijia mwenyewe baada ya mwezi, na ile karatasi ya ratiba iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia yake. Tulipitia mstari mmoja mmoja, Jumapili tano. Mingi aliipigia alama ya vema. Mitatu aliizungushia duara, maana yake "tumeelewa tunapotofautiana." Mmoja, 1 Petro 3:19, roho waliokaa kifungoni waliohubiriwa na Kristo, aliuandikia alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Akanitazama kuona kama nitaifuta. Nikamfungulia Biblia yangu mahali pale pale, nikamwonyesha yangu, ya penseli, imeshaanza kufifia.